Bei ya 1000: Nani Anakuuzia Farasi Huyu?

Mpwa wangu anaishi Birmingham. Usiku anafanya kazi ya zamu kwenye bohari, mchana akiamka hutazama mbio za farasi kwenye simu. Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti, anahema utadhani yeye ndiye aliyekuwa anakimbia. "Mjomba, dau langu limekubaliwa kwa elfu moja! Pauni mbili tu, akishinda nachukua karibu elfu mbili!" Nikamuuliza farasi mwenyewe yuko wapi muda huo. Akakaa kimya kidogo, kisha ukaja ujumbe wa pili: "Ameanguka, mjomba. Nilikuwa sijaona."

Ujumbe ule wa pili umenikaa moyoni. Vijana wengi wanaobeti wanajua hesabu kuliko sisi wazee tunavyowadhania. Mpwa wangu anajua kabisa kwamba bei ya 1000 maana yake ni nafasi moja katika elfu. Alichokuwa hajajiuliza ni nani aliyekuwa upande wa pili wa dau lake, na kwa nini mtu huyo alikubali sekunde ileile na si dakika tatu kabla. Swali hilo ndilo ninalotaka kulishughulikia hapa, kwa sababu naona linaachwa na karibu kila mtu anayezungumzia odi kubwa, yaani zile bei zinazozidisha dau lako mara nyingi ukishinda.

Kwanza tuelewane kuhusu soko lenyewe. Kwenye kampuni ya kawaida ya kubashiri, kampuni ndiyo inayopanga odi na ndiyo inayokulipa ukishinda. Betfair, iliyoanzishwa Uingereza na Andrew Black na Edward Wray na kufungua milango mwaka 2000, ilileta utaratibu mwingine. Pale watu wanabetiana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja anamuunga farasi, yaani anasema atashinda. Mwingine anampinga, yaani anasema hatashinda, na huyo ndiye atakayelipa farasi akishinda; kwa lugha ya soko, anayepinga ndiye muuzaji na anayeunga ndiye mnunuzi. Soko linawakutanisha tu, linashika fedha za wote wawili, kisha linakata kamisheni kwenye faida ya aliyeshinda. Kwa miaka mingi kamisheni hiyo ilianzia asilimia 5. Na biashara haifungwi mbio zikianza: inaendelea farasi wakiwa wanakimbia, bei zinapanda na kushuka kwa kila kiunzi wanachokiruka.

Bei za pale zina mwanzo na mwisho. Ya chini kabisa ni 1.01: ukiweka pauni 100 unapata faida ya pauni moja. Ya juu kabisa ni 1000. Katikati bei hupanda kwa hatua. Kutoka 1.01 unakwenda 1.02, kisha 1.03. Ukifika 100 hatua inayofuata ni 110, halafu 120, hivyo hivyo kwa makumi hadi 1000. Baada ya hapo hakuna kitu.

Hapo kwenye "hakuna kitu" ndipo watu wanapojikwaa. Chukua farasi wanne. Wa kwanza amechoka, yuko nyuma sana, ana nafasi moja katika 700. Wa pili ana nafasi moja katika 3,000. Wa tatu, moja katika laki. Wa nne ameshamtupa mpandaji wake na anakimbia peke yake na tandiko tupu. Wa kwanza unaweza kumkuta kwenye bei ya 700 au karibu na hapo. Watatu waliobaki wote wataonyesha 1000, kwa sababu rula imeishia hapo. Anayeitazama simu anaona namba moja, wakati nyuma ya namba hiyo kuna farasi walio tofauti mno kwa hali zao, na mmoja wao hana nafasi hata kidogo. Ukiona 1000, ujue umefika kwenye dari ya nyumba. Dari haikuambii mbingu iko umbali gani.

Mambo haya hayakuanza na intaneti. Mwaka 1967, kwenye Grand National, mbio maarufu za kuruka viunzi zinazofanyika uwanja wa Aintree, Uingereza, walianza farasi 44. Kwenye kiunzi cha 23, farasi aliyekuwa hana mpandaji, Popham Down, alikata njia mbele ya wenzake. Wakagongana, wakagoma kuruka, wapandaji wakarushwa huku na huku, ikawa fujo tupu. Farasi Foinavon alikuwa nyuma sana, na kuachwa huko nyuma ndiko kulikompa mpandaji wake, John Buckingham, muda wa kuiona ile rabsha, kutafuta upenyo na kupita. Alipotua upande wa pili wenzake walikuwa wanageuza farasi wao ili wajaribu tena, na hawakumkamata. Bei rasmi ya makampuni ya kubashiri ilikuwa 100 kwa 1, yaani faida ya pauni 100 kwa kila pauni 1. Tote, ambako fedha za wote hutiwa kwenye chungu kimoja na washindi hugawana, ililipa 444 kwa 1.

Soma tena namba hizo mbili. Farasi ni huyohuyo, mbio ni zilezile, na moja ni zaidi ya mara nne ya nyingine. Kwenye chungu, fedha za wananchi zilikuwa zimeonyesha jinsi walivyomdharau Foinavon. Makampuni yalikuwa na dari yao, wakaigonga wakatulia hapo. Aliyedhani kwamba 100 kwa 1 ni kipimo cha uwezo wa farasi alikuwa anasoma kipimo cha woga wa mlipaji.

Woga huo una sababu, na Hyun Song Shin, mchumi, aliueleza vizuri katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwenye kupanga odi hajui ni nani kati ya wateja wake anayejua siri ya zizini. Kumi wakija kumuunga farasi asiyejulikana, labda tisa wanabahatisha na mmoja ameambiwa na mchunga farasi kwamba mnyama amepona mguu. Huyo mmoja, kwa odi kubwa, anaweza kumfilisi. Kwa hiyo mpangaji anazibana odi za farasi wa nyuma kuliko anavyozibana za wale wanaopendwa. Wanaolipia ule ubanaji ni wale tisa.

Kwamba farasi wa odi kubwa huwala watu fedha zaidi, wataalamu wameliona zamani. Mwanasaikolojia Griffith aliliandika Marekani mwaka 1949. Snowberg na Wolfers, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010, walipitia mamilioni ya rekodi za farasi wa Marekani. Waliokuwa wakibeti kwa farasi anayependwa zaidi walipoteza wastani wa kama asilimia 5.5 ya fedha zao. Waliokuwa wakibeti kwa farasi wa 100 kwa 1 na zaidi walipoteza kama asilimia 61. Yaani ukitoa shilingi mia, inarudi chini ya arobaini. Soko la kubetiana lilipokuja, kasoro hiyo ilipungua. Smith, Paton na Vaughan Williams walilionyesha hilo mwaka 2006 kwa kulinganisha bei za soko na za makampuni. Wapingaji wanashindana, na anayetaka kuuza farasi dhaifu analazimika kutoa bei nzuri kuliko jirani yake. Kabla mbio hazijaanza, basi, mtu mwenye kupenda farasi wa nyuma hupata bei ya haki zaidi sokoni kuliko dukani. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Mbio zikianza, mambo hugeuka.

Turudi kwa mpwa wangu. Nilimtaka anieleze alivyofanya, hatua kwa hatua. Kabla ya mbio alikuwa ameweka ombi kwa kila farasi: pauni 2, kwa bei ya 1000, na likae hadi mbio ziishe. Wakati huo hakuna aliyelikubali, kwa sababu hakuna mpingaji mwenye akili atakayempa mtu 1000 kwa farasi anayeuzwa 12. Ombi likakaa pale kama mtego wa panya. Kijana anasinzia, anaamka, simu inatetemeka: limekubaliwa. Kwake hiyo ni habari njema, kapata bei ambayo wengine hawakuipata.

Sasa kaa upande wa pili. Mpingaji yuko nyumbani kwake, ana picha za haraka, au yuko palepale uwanjani kwenye jukwaa. Wapo hata wanaorusha droni pembeni ya viwanja vya Uingereza ili waone mbio kabla ya televisheni kuonyesha. Anaona farasi namba sita anapiga magoti kwenye kiunzi na mpandaji anabingirika kwenye nyasi. Kwenye simu ya mpwa wangu farasi namba sita bado yuko hewani, kwa sababu picha za televisheni na za intaneti huchelewa kwa sekunde kadhaa. Mpingaji anabonyeza. Anachukua kila ombi lililokaa kwenye orodha kuanzia bei ya chini, 30, 80, 300, hadi 1000. Zile pauni mbili ni zake kabla mpwa wangu hajaiona nyasi ikiruka.

Hapo ndipo uzito wote wa jambo ulipo. Mwenye ombi la 1000 hachagui saa ya kununua. Anayeichagua ni muuzaji. Mwamba ngoma huvutia kwake, na muuzaji huyu anavuta akiwa ameshaona. Kwa hiyo kuuliza "farasi wangu alikuwa na nafasi gani alipoanza mbio?" hakusaidii chochote. Swali lenye faida ni hili: katika mara zote ambazo dau langu limekubaliwa kwa 1000, ni mara ngapi farasi alikuwa bado ana mpandaji mgongoni? Kwa lugha ya mtaani, kijana anauziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji ameshachungulia ndani akaona mbuzi amekufa.

Zamani hata farasi aliyeanguka alikuwa na uhai kidogo. Januari 2002, uwanja wa Southwell, Uingereza, mpandaji Tony McCoy alimpanda farasi Family Business. McCoy akatoka kwenye tandiko, akaanza kurudi. Lakini kule mbele wapinzani wake wote nao wakaharibikiwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kuanguka, kutupa wapandaji au kukataa kuruka. McCoy akampanda tena farasi wake, akaviruka viunzi vilivyobaki kwa taratibu, akashinda. Family Business alikuwa ameshafikia 1000 sokoni. Waliompinga walikuwa wamepinga farasi asiye na mtu mgongoni, na bado wakalipa.

Simulizi hiyo ingali inazunguka, na kila anayeweka ombi la 1000 huikumbuka. Ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mlango ule umefungwa. Mwaka 2009 mamlaka ya mbio za farasi ya Uingereza ilipiga marufuku mpandaji kupanda tena akishaanguka wakati wa mbio, kwa ajili ya usalama wa mnyama na wa mtu. Sheria hiyo ilikuwa nzuri kwa farasi, nami naiunga mkono. Ila kwa mwenye tiketi ya 1000 kwa farasi aliyeanguka, ilifuta hata ile nafasi moja katika maelfu. Iliyobaki ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa elfu bado ni sifuri.

Je, hakuna kabisa wanaoshinda kutoka 1000? Wapo. Farasi aliyeachwa nyuma sana, mpandaji wake ameshaonekana kukata tamaa, kisha wa mbele wanaishiwa pumzi kwenye mlima wa mwisho au wanaangushana. Yeyote aliyetazama mbio za Cheltenham, Uingereza, Machi 2020 anamkumbuka farasi Goshen: yuko mbele kwa urefu wa farasi wengi, kiunzi cha mwisho, hakuna mwingine kwenye picha, mara akakosea mguu na mpandaji wake, Jamie Moore, akadondoka. Farasi Burning Victory akapita akashinda. Farasi wa mbele wanaweza kuondoka, na huondoka. Ndiyo maana wapingaji wenye uzoefu humtofautisha farasi aliyechoka na aliyeanguka. Wa kwanza humwuza kwa tahadhari. Wa pili humwuza bila kusita.

Na mpingaji naye msimwone kama tajiri asiyeguswa. Anayempinga farasi kwa 1000 ili apate pauni 2 anaweka rehani pauni 1,998. Akikosea mara moja tu, inabidi apatie mara 999 zinazofuata ndipo arudi alipokuwa, na kamisheni bado hatujaigusa. Aliyeona vibaya rangi ya fulana ya mpandaji, akadhani aliyeanguka ni namba sita kumbe ni namba tisa, siku hiyo ataikumbuka.

Tena wengi wao si watu. Ni programu za kompyuta, na programu inaweza kukosea kuliko binadamu yeyote. Tarehe 28 Desemba 2011, uwanja wa Leopardstown, Ireland, farasi jike Voler La Vedette alikuwa anaelekea kushinda, na kila mtu anamwona. Kwenye skrini ya Betfair kulikuwa na mtu anayempinga kwa bei ya 29, na fedha alizokuwa anaalika zilikuwa zaidi ya pauni milioni 21. Zote zikichukuliwa, deni lake lingekuwa karibu milioni 600. Betfair ilieleza baadaye kwamba ilikuwa programu ya mteja mmoja, na hitilafu ya mtambo iliiruhusu kuvuka kikomo cha akaunti ambayo ndani yake hazikufika pauni 1,000. Madau ya wakati wa mbio yakafutwa. Waliobonyeza wakidhani wametajirika walirudishiwa fedha zao, wakakasirika, na nawaelewa. Kwangu mimi kisa kile kinaonyesha kitu kimoja waziwazi: bei iliyo kwenye skrini inaweza kuwa haina mawazo ya mtu yeyote nyuma yake.

Sasa tuseme mpwa wangu ni mjanja zaidi. Tuseme anaruka farasi wote walioanguka na kununua wale tu wenye nafasi ya kweli ya moja katika elfu, kwa bei ya 1000. Wengi huamini kwamba akinunua mara elfu moja, lazima mmoja atokee. Si lazima. Nafasi ya kukosa mara moja ni 0.999. Izidishe yenyewe mara elfu moja, unapata kama 0.37. Katika kila watu 100 watakaofanya hivyo kwa uvumilivu wote, 37 hivi watamaliza elfu yao bila kushinda hata mara moja. Ili nafasi ya kutoka mikono mitupu ishuke hadi asilimia 10, anahitaji madau kama 2,300. Kwa pauni 2 kila moja hizo ni pauni 4,600, na hapo tumemhesabia bei ya haki kabisa. Tukiitoa kamisheni ya asilimia 5, faida ya 999 inakuwa 949, na bei ya haki imeshapotea.

Anayesoma haya Mwanza au Mombasa anaweza kusema hayamhusu, yeye habeti farasi. Mkeka wake je, lile dau moja la mechi nyingi ambazo zote lazima zitiki? Mechi kumi, kila moja odi 2.00. Zidisha: 1,024. Ni ile 1000 ya farasi imekuja nyumbani ikiwa imevaa jezi. Kampuni lakini haikupi 2.00 kwa timu yenye nafasi ya asilimia 50, lazima ibakize chake. Tuseme kila timu ina nafasi ya kweli ya asilimia 47. Ukizidisha 0.47 mara kumi unapata nafasi moja katika 1,901 hivi. Unalipwa 1,024 kwa kitu ambacho haki yake ni 1,901. Kile kijisehemu kilichokatwa kwenye mechi moja hakionekani, lakini kikikatwa mara kumi kinakula karibu nusu. Mkeka ukichanika kwa timu moja, kijana hulilaumu goli la dakika ya 89. Wakati anaweka dau, ile karibu nusu ilikuwa imeshakwenda.

Haya yote nilimwambia mpwa wangu kwa simu, Jumapili nzima. Sikumkataza. Ni mtu mzima, analipa kodi ya nyumba yake na kila mwezi anamtumia mama yake fedha. Nilimwomba kitu kimoja: anunue daftari, achore safu mbili, "ameanguka" na "bado anakimbia", na kila simu ikitetemeka kwamba dau la 1000 limekubaliwa, asubiri picha imfikie kisha apige alama mahali panapostahili. Baada ya wiki sita alinitumia picha ya ukurasa. Safu ya kushoto vijistari vilikuwa vimejaa hadi pembeni, vimebanana vitano vitano. Ya kulia ilikuwa na viwili, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mjomba, huyu wa pili alimaliza wa mwisho."